Mbuzi ya Shibiri Tatu

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa bohari kwa miaka thelathini na mmoja, na seremala kwa siku za Jumapili tu. Sithubutu kumwita fundi, kwa kuwa yeye mwenyewe alilikataa neno hilo. Fundi, alisema, hulipwa ili akuudhi, ilhali yeye alituudhi bure. Katika ua wetu wa Magogoni, Kisauni, alitengeneza rafu, vigoda, kitanda ambacho hakikulia hata siku moja, na kabati la vyombo ambalo mlango wake ulifunguka kwa ndani, hivyo kwamba tuliweza kulifungua pale tu lilipokuwa tupu. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2017, baada ya sala ya alasiri. Nilikaa eda kama inavyotakiwa, na Jumamosi, tarehe 17 Februari 2018, nilipokwisha kutoka, jambo la kwanza nililolifanya ni kufungua sanduku lake la zana.

Nazitaja tarehe kwa sababu nilizipata kwa taabu. Sikusomeshwa utotoni. Niliingia darasa la watu wazima Jumatatu, tarehe 6 Mei 2013, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na nikaufanya mtihani wa darasa la nane nikiwa tayari ni bibi wa wajukuu wawili. Mtu aliyeishi nusu karne akisema "ule mwaka wa mvua nyingi" au "kabla ya fulani kuzaliwa", akishajua kuandika tarehe, haachi tena.

Sandukuni nilikuta misumeno miwili, randa, patasi tatu, nyundo, keekee ya kuzungusha kwa mkono, pima maji na utepe wa kupimia uliokatika inchi tatu za mwanzo. Utepe huo ulianzia inchi ya nne. Mume wangu aliutumia hivyo hivyo kwa miaka, akitoa tatu kichwani kila anapopima, na nadhani kabati lile ni matokeo ya siku moja aliyosahau. Mimi niliuweka kando. Sikusoma hadi darasa la nane ili nianze kuhesabu kutoka nne.

Nilijifunza peke yangu, kwa kukumbuka mikono yake. Msumeno huanzwa kwa kuuvuta kuja kwako mara mbili tatu, polepole, hadi ujichimbie njia. Ukianza kwa kuusukuma utaruka na kukutafuta vidole. Randa hufuata nyuzi za mbao, na mbao ikianza kunyofoka vipande, igeuze, umeanzia upande usio wake. Skurubu ipakae sabuni ya kipande kabla ya kuiingiza kwenye mvule, na uitobolee njia kwanza kwa keekee, kwa sababu mvule haumpishi mtu. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nimetengeneza vigoda viwili, ubao wa kukatia mboga na sanduku la viungo, vyote vikisimama bila kuyumba. Nilivipima vyote kwa shibiri yangu, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa, na masalio kwa nyanda, yaani upana wa kidole. Mume wangu naye, alipotengeneza kitu cha mtu wa nyumbani, alimwita mtu huyo anyooshe mkono juu ya mbao. Kigoda cha mtoto kilipimwa kwa kiganja cha mtoto. Niliiona kuwa njia ya adabu, na hadi leo naiona hivyo, pamoja na yote nitakayoyaeleza.

Sasa sina budi kueleza habari ya mstari.

Mtaani kwetu, arusi ikiwadia, wanawake hukusanyika asubuhi ya shughuli kukuna nazi za wali na za mchuzi. Ziko mashine sokoni zinazokuna nazi mia kabla hujamaliza kutoa salamu, lakini zipo familia zisizotaka kuzisikia. Katika familia hizo, nazi ya arusi hukunwa na wanawake saba, si sita wala wanane, wenye mikono inayojulikana, walioketi kwenye mstari mmoja juu ya mbuzi zao. Mbuzi ya kukunia nazi kila mtu anaijua: kibao cha kukalia, chini kabisa, kimo chake hakifiki shibiri moja, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Mtu mmoja huvunja nazi, na vizio, yaani nusu zake, hupita mkono hadi mkono kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Pamoja na vizio hupita habari. Nani kaposwa, nani karudi kwao, nani kanunua jokofu na hana umeme. Habari zenyewe hazisemwi kwa sauti. Husemwa kwa yule wa pembeni tu, naye humpa wa pembeni yake, na zikifika mwisho wa mstari huwa zimeiva.

Nilikuwa wa nne katika mstari huo kwa miaka ishirini na miwili. Wa nne ndiye wa katikati. Habari zinazoanzia kulia na zinazoanzia kushoto zote hupita kwake zikiwa bado na ukweli ndani.

Upande wa pili wa ua hutandikwa mkeka wa wazee. Hapo huketi wanawake waliokwisha kupumzishwa. Wanapewa mto wa mgongo, feni, chai ya tangawizi na shikamoo nyingi sana, na hakuna anayewaambia lolote.

Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, daktari aliyapapasa magoti yangu, akayasikiliza yakilia kama bawaba kavu, akaniambia nisiketi tena mahali ambapo magoti yanapanda juu kuliko kiuno. Nikamwuliza kama agizo hilo linahusu pia mbuzi ya nazi. Alikuwa mtu wa pwani, hakucheka. Alisema linahusu mbuzi ya nazi kuliko kitu kingine chochote.

Arusi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya Jumamosi, tarehe 8 Julai. Habari za magoti yangu zilifika kwa kiongozi wa jikoni kabla sijafika nyumbani. Kiongozi wa jikoni ni shoga yangu tangu ujana, mwanamke asiyekuna nazi yeye mwenyewe ila hupanga nani akune, nani amenye vitunguu na nani akae wapi. Alinijia jioni ile ile na kilemba kizuri na huruma nyingi. Aliniambia nisijitese, kwamba kila jambo lina wakati wake, na kwamba ameshaniwekea nafasi kwenye mkeka, karibu kabisa na feni.

"Na wa nne atakuwa nani?" nikamwuliza.

"Shoga, hayo tuachie sisi wenye magoti."

Alipoondoka nililitoa sanduku la zana.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi na, hadi sasa nashikilia, ulikuwa sahihi. Kama siwezi kuishukia mbuzi, mbuzi itanipandia mimi. Nilichora kigoda cha miguu minne, chenye kibao cha mvule cha kukalia, ulimi wa chuma ukichomoza mbele, na chini ya ulimi rafu ndogo ya kuwekea sufuria. Kiti changu cha jikoni, ambacho daktari asingekuwa na neno nacho, kilikuwa na kimo cha shibiri mbili na nusu. Nikaongeza nusu ya kunisaidia kunyanyuka, na nusu hiyo hiyo, nakiri, ilikuwa pia ya fahari. Jumla, shibiri tatu.

Kibao cha kukalia nilikitengeneza mwenyewe, kutokana na ubao wa mlango wa zamani. Nilikipiga randa siku mbili, nikakisugua msasa wa kukwaruza kisha msasa laini, nikakipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa, kwa kuwa niliona si haki mbuzi ya nazi kunuka vanishi. Lakini miguu ilinishinda. Ilitakiwa mihimili minene, na tundu za kuingizia ndimi za vikingi, zile mbao za kuunganisha mguu na mguu, na msumeno wangu mkubwa ulikuwa umepoteza meno kama mwenye sanduku lake. Basi Jumatatu, tarehe 29 Mei, niliupeleka mchoro kwenye karakana moja ya mbao upande wa Ziwa la Ng'ombe.

Fundi wa hapo alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye mwili wa kuweza kubeba mlango kwapani akaendelea na mazungumzo. Nilimpa karatasi. Niliiandika kwa hati yangu nzuri, ya kuunganisha, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: miguu minne, urefu shibiri tatu, ongeza nyanda mbili za tahadhari. Hilo la tahadhari nililitoa kwa mume wangu, aliyeshika kwamba mbao ikatwe ndefu kidogo, maana ikizidi hupunguzwa, ikipungua imepungua. Chini nikaandika: "Tafadhali uzingatie vipimo hivi bila kupunguza", nikatia tarehe na saini. Fundi aliusoma waraka wote midomo ikimchezacheza, akanihakikishia kwamba hajawahi kupewa kazi iliyoandikwa vizuri namna ile.

Niliifuata Jumamosi, tarehe 10 Juni. Ilikuwa imesimama nje ya karakana, imeunganishwa, gundi imekauka, vikingi vimekaza, na mwanzoni nilidhani ni ya mtu mwingine, aliyeagiza jukwaa la kuhutubia. Nilisimama kando yake. Kibao changu cha mvule, ambacho nilikuwa nimemwachia akipachike, kilinifika juu ya kiuno.

Nilimwuliza kwa utulivu kama aliisoma karatasi.

"Mathe, niliisoma mara tatu," akasema. Akaitoa mfukoni, ikiwa imekunjwa kwa heshima. "Shibiri tatu. Hii hapa shibiri." Akakikunjua kiganja chake juu ya meza ya kazi, na meza ikawa kama imefunikwa. "Moja. Mbili. Tatu. Na hizi nyanda zako mbili. Halafu na mimi nikaongeza za kwangu mbili, juu mbao ya saiprasi hukauka ikarudi."

"Shibiri ni ya mwenye kitu," nikamwambia.

"Hiyo haikuwa kwa karatasi."

Haikuwa. Nimeisoma karatasi hiyo mara nyingi tangu siku ile, na ninailinda hadi leo kati ya kurasa za daftari langu. Ni maandishi yasiyo na kosa hata moja la tahajia, na hakuna mahali yanaposema shibiri ya nani. Fundi alijitolea kuikata hapo hapo, dakika tano tu. Hapo ndipo ningeweza kuiokoa hadithi yote hii. Lakini karakana ilikuwa na wateja wanne, wote wanaume, wote wakinitazama mimi na waraka wangu, na wawili miongoni mwao walikuwa majirani. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba hakuna haja, kwamba kimo ndicho nilichokitaka, na kwamba wasiojua mambo ya madaktari ndio watakaoshangaa.

Nyumbani nilijishusha hadhi kwa siri nikauchukua utepe ule wa inchi nne, nikatoa tatu, nikageuza kuwa sentimita. Kutoka sakafuni hadi juu ya kibao: themanini na nane. Niliipanda kwa kutumia kreti ya soda. Nikiwa nimeketi, miguu yangu ilining'inia kama ya mtoto anayengoja kunyolewa.

Jaribio la kwanza nililifanya uani, Jumatatu asubuhi. Kukuna kwenyewe kulikwenda vizuri mno. Goti halikulia, mgongo ulinyooka, na meno ya chuma, niliyoyanoa kwa tupa ndogo jino kwa jino, yaliitafuna nazi kwa raha. Taabu ilikuwa kwamba nazi haikufika. Rafu ya sufuria nilikuwa nimeiagiza kutoka chini, shibiri moja, na shibiri hiyo moja tu ndiyo fundi aliyoipima kwa kipande cha mbao nilichomkatia mwenyewe. Kati ya ulimi na sufuria kulikuwa na safari ndefu, na upepo wa kusi ulikuwa njiani. Nazi yangu yote ilikwenda kwa jirani, ikatua juu ya kanzu tatu zilizoanikwa, na kuku wake wakazifuata huko. Jirani alinibishia hodi kuniuliza kama nimeona mvua ya ajabu.

Nikaongeza rafu ya pili juu ya ile ya kwanza. Rafu ya pili ikazuia miguu yangu, nikaongeza kikanyagio upande. Kikanyagio kikaifanya mbuzi iegemee upande, nikapigilia ubao wa kuikaza upande wa pili, na ubao huo ukawa mzuri sana kwa kuning'inizia kifumbu cha kuchujia tui, basi nikaongeza na kulabu. Kwa anayeanza useremala wa nyumbani nashauri jambo moja kwa dhati: kila unapoongeza kipande ili kukirekebisha kipande kingine, acha, nenda ukanywe chai. Mimi nilikunywa chai nikiwa juu.

Shoga yangu alikuja kuiona Ijumaa. Aliizunguka mara mbili, akilishika buibui lake lisiguse.

"Hapo juu unakuna nazi," akasema hatimaye, "au unaitafuta Zanzibar?"

Nikamjibu kwamba Zanzibar haionekani, ila naona bati lake linahitaji kubadilishwa. Hakuipenda. Akaniambia wazi, kwa mara ya kwanza bila huruma, kwamba mstari ni mstari. Wanawake sita hawawezi kukuna chini na mmoja akakuna mawinguni. Akasema mkeka umeshatandikwa kwa jina langu. Nikamwambia nitakuja na mbuzi yangu kama kila mtu anavyokuja na yake. Kwa kuwa tulikuwa mashoga wa miaka arobaini, tuliagana kwa adabu zote, tukaombeana afya, na kila mmoja alimaanisha afya ya aina yake.

Siku ya arusi nilifika saa mbili asubuhi, na mbuzi yangu ikafika saa mbili unusu, juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka, kwa maana sikutaka ionekane kabla ya wakati wake. Watu walidhani ni zawadi. Mama mmoja alipiga vigelegele. Iliposhushwa na shuka kuondolewa, vigelegele vilikatika katikati, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya hapo na sijalisikia tena.

Nikaiweka mahali pangu, pa nne. Nikapanda.

Tangu mwanzo mambo hayakwenda. Vizio vilikuja kutoka kwa wa tatu, naye kila mara ilimbidi asimame, anyooshe mkono kama anayeweka kitu juu ya kabati, kisha aketi. Mimi nikichukua changu, nilimteremshia wa tano vyake kwa kamba ya kifumbu. Upepo ulichukua sehemu ya nazi yangu ukamgawia wa tatu begani, na wa tano kwenye kilemba. Baya zaidi, habari hazikupanda. Niliwaona wa tatu na wa tano wakiinamiana chini yangu, wakinong'onezana kupitia kati ya miguu ya mbuzi yangu, wakicheka, na mimi niliye juu yao sikusikia ila upepo. Nilikuwa nimerudi katikati ya mstari na nilikuwa mbali nao kuliko wale wa kwenye mkeka.

Shoga yangu alisimama mbele yangu, mikono kiunoni. Kwa kimo nilichokuwa nacho, nilikuwa nautazama utosi wake.

"Shuka, dada. Wali unangoja na wewe unatuchezea. Njoo uketi na wenzako."

"Wenzangu hawa hapa."

"Hawa wako chini. Wewe hujui uko wapi."

Ningesema neno ambalo lingetuchukua miaka kulifuta, wallahi, kama bibi wa bi harusi hangeuliza kilichopo. Huyu ndiye mwenye shughuli. Nyumba ni yake, nazi zake, na desturi ya mikono saba ni yake pia, aliyoipokea kwa mama yake. Macho yalikuwa yamemwishia siku nyingi. Aliketi kwenye mkeka, wa kwanza, na kwa muda wote alikuwa ameuelekeza uso kwenye mstari akiusikiliza.

Shoga yangu alimweleza. Mmoja ameketi juu kuliko wenziwe, mstari umeharibika, inafaa aondoke.

"Akiondoka watasalia wangapi?" bibi akauliza.

"Sita, bibi."

"Yuko wa kushika pahali pake?"

Shoga yangu aliutazama ua mzima. Wapo wengi wenye mikono, lakini bibi yule alizijua kwa sauti mbuzi zote za mtaa, na hakuwa na nia ya kuanza kujifunza sauti mpya asubuhi ile.

"Mimi nasikia saba, na saba zakuna vyema," akasema. "Kama huyo alo juu hawezi kushuka, basi hawa walo chini wapandisheni."

Nilidhani atacheka. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mwenye shughuli alikuwa amesema. Ukuta wa pili kulikuwa na madrasa, na siku ya Jumamosi ile wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Yaliletwa madawati mawili marefu. Mbuzi sita zikapandishwa juu ya madawati, tatu kulia kwangu na tatu kushoto, na juu ya kila mbuzi akapandishwa mwanamke, wengine kwa kusukumwa na wengine kwa kuvutwa, na wa saba, mnene kuliko sote, kwa kujadiliwa. Walipotulia, nilitoa pima maji ya marehemu niliyokuwa nimeichukua mkobani kwa tahadhari, nikaiweka juu ya ubao ulioegemea mbuzi yangu na ya wa tatu. Tone la hewa lilikwenda katikati kabisa likasimama. Madawati yale na shibiri za yule fundi vilikuwa vimeumbwa kwa ajili ya kukutana.

Tukakuna. Vichwa vyetu vilikuwa kati ya maua ya plastiki yaliyotundikwa kwa ajili ya bi harusi, na wa kwanza alipaswa kuinamisha kichwa kila feni ya ukutani ilipogeuka upande wake. Hakuna aliyeweza kuifikia nazi iliyokuwa sakafuni, wala sufuria, wala maji ya kunywa. Ukiwaacha wa kwenye mkeka, alikuwepo mtu mmoja tu mtu mzima ambaye hakuwa na kazi ya mikono asubuhi ile. Shoga yangu alituvunjia nazi na kutupa vizio mmoja mmoja, akizunguka mbele yetu na ungo kichwani kwa muda wa saa mbili na robo, na kila aliponipa cha kwangu alikitia kiganjani mwangu bila kuninyanyulia macho. Mara ya kumi hivi, alisema kwa sauti ya chini, "Bati langu lavuja wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Alishukuru.

Na habari zilifika. Kutoka kulia nilipewa uchumba uliovunjika na kutoka kushoto nilipewa sababu yake, zote zikiwa bado moto. Nilikuna vizio ishirini na sita.

Ningeishia hapo kama mpiga video asingekuwepo. Alikuwa mtu mzima, mgeni wa mtaa, aliyeletwa na upande wa bwana harusi. Aliingia uani saa nne na robo, akatukuta saba huko juu tukikuna nazi chini ya maua, akashusha sauti kama aliyeingia mahali pa ibada. Alitupiga kutoka mbele, kutoka chini na kupitia kati ya miguu ya mbuzi yangu. Hakuuliza chochote. Aliiona kuwa ni mila.

Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kufanya jambo la haki. Wanawake wazima wasipandishwe madawati kwa ajili ya magoti yangu mara mbili. Jumatatu, tarehe 17 Julai, niliulaza ule mnara ubavuni, nikaondoa kikanyagio, kulabu, rafu zote mbili na ubao wa kukazia, na nikaikata miguu kwa msumeno wangu mdogo, kila mguu nikiuzungushia kwanza kamba ya chaki ili mkato usiyumbe. Safari hii nilipima kwa kiganja changu, kisha kwa utepe, kisha tena kwa kiganja. Nilichagua kimo cha chini kuliko vyote ambavyo goti langu lingeweza kuvumilia nikiinyoosha miguu mbele: shibiri moja na nyanda nne. Juu ya mbuzi hiyo nilizidi wenzangu kwa kimo cha mtu aliyeketi juu ya mto. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizopata kuzifanya, na nilingoja miezi mitano kuionyesha.

Arusi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Desemba, nyumba ya tatu kutoka ile ya kwanza. Niliibeba mbuzi yangu kwapani, nikaingia uani, nikatoa salamu, na salamu ikajibiwa kutoka juu.

Walikuwa wamekwisha kupanda, sita, juu ya madawati, mahali pa nne pakiwa wazi. Mwenye shughuli, mama wa makamo niliyemfahamu kwa sura tu, alinipokea kwa furaha akaitazama mbuzi yangu kwa masikitiko. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni, kwamba katika arusi za huku Kisauni nazi hukunwa juu. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakikuna mabibi zetu. Yeye mwenyewe ameiona kwenye video.

Nilimwambia kwamba desturi hiyo ilianza Jumamosi, tarehe 8 Julai 2023, kiasi cha saa tatu na nusu asubuhi. Alinishika mkono akasema mimi ni mcheshi, mashaallah.

Kutoka juu wa tatu na wa tano walikuwa wakinitazama, na katikati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Shoga yangu alikuja na ungo wake kichwani, ambao sasa hauondoi. Hata kilemba chake cha siku hiyo alikifunga kwa namna ya kuupokea. Aliitazama mbuzi yangu fupi, akaitazama miguu yake iliyokatwa sawasawa, akapitisha kidole kwenye mkato, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akaisifu kazi yangu. Kisha akauliza kama nilivihifadhi vipande nilivyovikata.

Nilikuwa nimevitia motoni mwezi wa Agosti.

"Leteni dawati jingine," akasema kwa wale waliokuwa mlangoni. Akapiga goti moja, akaunganisha viganja vyake viwili pamoja kwa ajili ya mguu wangu, naye magoti yake hayakuwa mazima kama alivyokuwa akinitangazia. Nilisikia likilia. Nilimshika begani, nikapanda.